Watu wa Riamba: Habari ya Kabila Lililotafuta Amani kwa Bangi

Mwaka jana baada ya mavuno alinijia jioni kijana mmoja niliyemfundisha kusoma tangu utoto wake. Jina lake silitaji, maana sitaki asemwe na watu. Alikaa barazani, tukaamkiana, kisha akaniuliza, "Mwalimu, wewe husema kwamba pombe huvunja nyumba, nami nimeliona jambo hilo kwa macho yangu. Baba akilewa hupiga watu. Lakini rafiki zangu wavutao bangi hukaa kimya, hucheka, hupatana. Kama pombe huleta vita, na bangi huleta amani, mbona mwaikataza bangi?"

Nalitaka kumkemea upesi, kama ilivyo desturi yetu walimu. Lakini nalitambua kwamba swali lake lilikuwa la haki, na aulizaye kwa haki hastahili kukemewa. Basi nalimwambia, "Rudi Jumamosi, mwanangu, nikueleze habari ya watu waliofikiri kama wewe, wakalijaribu jambo hilo, si mtu mmoja mmoja, bali nchi nzima." Niliyomweleza siku ile ndiyo ninayoyaandika hapa, kwa faida ya wote wenye vijana nyumbani mwao.

Kwanza yafaa tujue kwamba bangi si mmea wa asili ya nchi zetu. Asili yake ni bara la Asia, na watu wa huko waliutumia tangu maelfu ya miaka kwa kusokota kamba, kufuma nguo, kufanya dawa, na kulewa. Jina lenyewe latushuhudia jambo hili, maana neno letu "bangi" ni ndugu wa neno la Kihindi "bhang". Wachunguzi wa mambo ya kale husema kwamba mmea huu ulifika pwani yetu kwa vyombo vya biashara ya Bahari ya Hindi, kabla ya Wareno kuja. Toka pwani ukaingia bara, ukipita mkono kwa mkono, na kila ulipofika ulipewa jina. Wengine waliuita chamba, wengine riamba, na huko Angola liamba au diamba. Hata Brazili, ng'ambo ya bahari ya magharibi, jina la diamba lilijulikana, kwa kuwa watumwa waliotolewa Angola walikwenda na maneno yao.

Wala hatuwezi kusema kwamba ni Wazungu waliowafundisha mababu zetu kuvuta bangi. Richard Burton, Mwingereza aliyekwenda na msafara toka pwani hata Ujiji katika miaka ya 1857 hata 1859, aliukuta mmea huu umepandwa karibu na nyumba za watu. Aliwaona wakiuvuta kwa kiko cha maji na kukohoa kwa nguvu. Basi jambo hili ni la zamani, nasi tulitazame kama tulitazamavyo jambo letu wenyewe.

Sasa twende magharibi, mbali sana na Ujiji, mpaka katikati ya nchi ya Kongo. Huko kuna mto uitwao Lulua. Lulua huingia katika mto wa Kasai, na Kasai huingia katika mto mkubwa wa Kongo. Siku hizi nchi ile ni jimbo la Kasai ya Kati katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na mji wake mkuu ni Kananga. Zamani wenyeji wake waliitwa Washilange. Siku hizi huitwa Walulua, kwa jina la mto wao.

Washilange hawakuwa na mfalme mmoja. Kila ukoo ulikuwa na mkuu wake, na kila kijiji kilishindana na jirani yake. Mtu hakuweza kusafiri mwendo wa siku moja bila kuogopa mishale. Vita vyao havikuwa vya kutwaa nchi, bali vya kisasi: huyu ameua, basi ndugu zake wauawe, yule ameroga, basi apigwe. Uadui ulizaa uadui, kama magugu yazaavyo magugu.

Katika miaka ya 1860 na 1870 walianza kufika wafanya biashara toka kusini, nao ni Wachokwe. Walitaka pembe za ndovu, watumwa, na baadaye mpira. Walileta bunduki, baruti, na nguo. Lakini mfanya biashara hawezi kuingia katika nchi ambayo kila kijiji chapigana na jirani yake. Hapo Washilange wakagawanyika. Wengi wa wazee walisema, "Tuwafukuze wageni hawa, tuishi kama baba zetu." Lakini vijana, na baadhi ya wakuu, walisema, "Tuache vita, tufungue njia." Wale waliotaka kufungua njia wakapata nguvu, na alama ya umoja wao ilikuwa bangi, ambayo kwa lugha yao huitwa riamba. Wakajiita Bena Riamba, maana yake watu wa riamba, au wana wa riamba.

Mkuu aliyesifika kuliko wote katika chama hiki alikuwa Kalamba Mukenge. Pamoja naye alikuwako dada yake, Sangula Meta, mwanamke mwenye heshima kubwa katika ibada ile mpya. Nasema ibada, kwa maana haikuwa anasa tu. Watu walikusanyika jioni katikati ya kijiji, wakaketi kwa duara, na kiko kikubwa cha buyu kikazunguka toka kinywa hata kinywa. Waliovuta pamoja walikuwa wamefanya agano. Hawakupaswa kuuana, wala kulipizana kisasi. Silaha hazikuruhusiwa kijijini. Hirizi za zamani zilichomwa moto. Hata michikichi ilikatwa, watu wasipate kugema tembo, kwa sababu waliona, kama yule kijana wangu alivyoona, kwamba ulevi wa tembo ndio uletao ugomvi. Na mwenye kosa hakuuawa, bali alilazimishwa kuvuta riamba, kiko baada ya kiko, mpaka akaanguka hana fahamu.

Tena walikuwa na salamu yao. Walipokutana walisema, "Moyo!" Neno hili katika lugha yao ni uzima, nasi Waswahili twaweza kulifahamu bila mkalimani, kwa kuwa ni ndugu wa neno letu wenyewe. Fikirini jambo hilo: watu ambao baba zao walikutana kwa mishale, sasa wakutana njiani na kutakiana uzima.

Habari hizi twazijua hasa kwa maandiko ya Wadachi wawili, Paul Pogge na Hermann Wissmann, waliofika kwa Kalamba mwaka wa 1881, wakitoka Malange katika Angola. Kalamba aliwapokea kwa furaha. Watu wake waliamini kwamba wageni wale ni jamaa zao waliokufa zamani, ambao sasa wamerudi na ngozi nyeupe. Wakampa Pogge jina la Kasongo, na Wissmann jina la Kabasu Babu. Watu wa Kalamba wakawasindikiza mpaka Nyangwe, mji wa biashara wa Waarabu na Waungwana juu ya mto wa Lualaba, wakafika mwezi wa Aprili, 1882. Toka huko Pogge alirudi kwa Kalamba, na Wissmann akaendelea kwa njia ya Tabora, akatokea pwani kwetu, Saadani, mwezi wa Novemba.

Jina la Wissmann si geni kwa wazee wa pwani. Ndiye yeye aliyetumwa na serikali ya Wadachi mwaka wa 1889 kupigana na Abushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani mwezi wa Desemba mwaka ule ule. Basi maneno yake yapimwe. Alikuwa askari, na askari huwasifu wale wanaomfungulia njia. Lakini hakuwa na sababu ya kubuni habari ya michikichi kukatwa na silaha kuwekwa chini. Tukubali kwamba amani ile ilikuwako kweli.

Lakini haikudumu, na sasa nataka kueleza sababu zake, maana ndipo lilipo jibu la swali la kijana wangu.

Sababu ya kwanza ni kwamba agano la riamba lilikuwa na mpaka. Aliyevuta alikuwa ndugu. Asiyevuta hakuwa ndugu. Biashara iliyofungua njia ilikuwa pia biashara ya watu. Watu wengi, na hasa Waluba waliokaa mashariki, walikamatwa na kuuzwa, na nchi ya Lulua ilikuwa mojawapo ya njia walizopitishwa. Kiko kilimfundisha mtu kumpenda yule aliyeketi naye katika duara. Hakikumfundisha kumwona mtu katika yule aliyefungwa kamba nje ya duara.

Sababu ya pili ni kwamba Kalamba alitaka watu wote waingie, wapende wasipende. Vijiji vilivyokataa riamba vilitakiwa kutii na kutoa kodi. Mwezi wa Novemba, 1884, Wissmann alirudi, safari hii akimtumikia Leopold wa Pili, Mfalme wa Ubelgiji, akajenga boma la Luluabourg, si mbali na kijiji cha Kalamba. Mwaka wa 1885 Kalamba alifuatana naye kwa mitumbwi kuushuka mto wa Kasai, wakafika mto wa Kongo mwezi wa Julai. Kwa urafiki huo Kalamba akapata nguvu ya bunduki nyuma yake, na wakuu wengine wakaambiwa wamtambue kuwa mkubwa wao. Ndipo riamba ikageuka. Kiko kilichokuwa agano la watu waliochagua wenyewe kikawa amri ya mwenye nguvu, na amani inayoletwa kwa bunduki ni vita iliyonyamaza kidogo tu.

Sababu ya tatu ni kwamba yule rafiki mwenye bunduki hakuwa rafiki. Serikali ya Leopold haikutaka mkuu mwenye nguvu. Ilitaka wapagazi, pembe, mpira, na askari. Miaka ya 1890 urafiki ukavunjika, na Kalamba, aliyewapokea Wazungu kama jamaa waliofufuka, akapigana nao. Katika siku zile za taabu riamba haikumsaidia neno. Haikuweza kumwonyesha mapema nia ya mgeni wake, wala haikuwaunganisha naye wale aliowalazimisha kuivuta. Mwaka wa 1903 serikali ile ile ilitoa amri ya kukataza bangi katika nchi yote ya Kongo. Waliokuwa wameitumia kufungulia njia waliifunga baada ya kupita.

Watu wa nchi ile hawakupata raha upesi. Waluba wengi waliokimbia biashara ya watumwa walikuwa wamekaa karibu na Luluabourg, wakasoma shule, wakapata kazi na mashamba. Mwaka wa 1959 Walulua na Waluba wakapigana, kwa ajili ya ardhi na madaraka, na watu wengi sana wakalazimika kuhama. Sisemi kwamba bangi ndiyo iliyoleta vita ile, la. Nasema tu kwamba uadui ambao haukuponywa hauondoki kwa kufunikwa moshi.

Jumamosi ile kijana alinisikiliza mpaka hapo, kisha akasema, "Mwalimu, hayo ni mambo ya wafalme. Sisi twavuta kidogo tu nyuma ya nyumba." Sikuudhika. Nalimwambia kwamba moshi ni ule ule, na mwili wa Kalamba haukuwa tofauti na mwili wake. Basi nikamweleza yanayojulikana leo juu ya bangi, nami nayaandika kwa uaminifu, bila kuongeza chumvi, maana kijana akigundua uongo mmoja katika maneno yetu hatasadiki na yale ya kweli.

Katika bangi mna vitu vingi, na kile kilevyacho zaidi kilitambuliwa sawasawa mwaka wa 1964 na wataalamu wawili wa Israeli, Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni. Kwa kifupi huitwa THC. Kitu hiki huingia katika damu, hufika katika ubongo, na kugusa mahali panapotawala kumbukumbu, woga, njaa, na hesabu ya wakati. Ndiyo sababu mvutaji husahau alilolisema sasa hivi, huona saa moja kama saa tatu, huona njaa, na pengine hushikwa na hofu isiyo na sababu. Kimya alichokiona kijana wangu kwa rafiki zake si amani ya moyo. Ni ubongo uliopunguzwa mwendo. Moshi ukiisha, deni, uchungu, na ugomvi wa nyumbani vyamngojea mtu pale pale alipoviacha.

Ubongo wa kijana haujakomaa mpaka apite miaka ishirini na zaidi, kwa hiyo hatari yake ni kubwa kuliko ya mtu mzima. Huko Uswidi vijana 45,570 walioitwa jeshini katika miaka ya 1969 na 1970 waliulizwa kama wamevuta bangi, kisha habari zao zikafuatwa miaka 15. Mwaka wa 1987 ilitangazwa kwamba wale waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 walipatwa na ugonjwa mkubwa wa akili, uitwao skizofrenia, mara 6 kuliko wale ambao hawakuvuta kabisa. Wataalamu walipotoa mambo mengine yawezayo kuleta ugonjwa ule, hesabu ilipungua, lakini haikuisha. Si kila avutaye hurukwa na akili; walio wengi hawapatwi. Lakini hakuna ajuaye mapema ni nani katika duara atakayepatwa. Tena yakadiriwa kwamba katika watu kumi walioionja, karibu mmoja hushikwa nayo asiweze kuiacha kwa urahisi, na wanaoanza wangali wadogo hushikwa zaidi.

Pia ni haki kusema kwamba mmea huu una dawa ndani yake. Mwaka wa 2018 Marekani ilikubali dawa moja itokanayo na bangi kwa watoto wenye aina fulani za kifafa kikali. Lakini dawa ile si kitu kilevyacho, na hupimwa na tabibu; mgonjwa hapewi kiko. Vile vile nchi nyingine, kama Kanada mwaka huo huo wa 2018, zimeruhusu watu wazima kuvuta, lakini hata huko sheria hairuhusu kuwauzia watoto. Kwetu Tanzania na Kenya sheria yaikataza, na kijana akikamatwa nayo aweza kutiwa gerezani. Hilo nalo ni dhara, maana mama yake ndiye atakayepeleka chakula.

Baada ya hayo nalimwuliza kijana, "Washilange walipokata michikichi yao, walikuwa wakikimbia nini?" Akasema, "Vita." Nikamwuliza, "Na wewe, ukienda nyuma ya nyumba, wakimbia nini?" Hakunijibu. Alitazama chini muda mrefu, na machozi yakamtoka. Ndipo nalipofahamu kwamba jibu alikwisha kunipa siku ya kwanza, aliposema, "Baba akilewa hupiga watu." Nami nalikuwa nimejishughulisha na bangi, nisisikie neno lile.

Basi siku ya pili sikumwendea kijana, bali nalikwenda kwa baba yake, asubuhi, kabla hajanywa. Nalikwenda na mzee mmoja wa kijiji, mjomba wa mama wa nyumba ile, kwa kuwa mwalimu peke yake si mtu wa kuingia katika nyumba ya mwenziwe. Tulizungumza siku ile, na siku nyingine, na nyingine. Siwezi kusema kwamba mambo yote yamekwisha tengenezeka. Lakini pigo limekoma katika nyumba ile tangu mwezi wa tatu, na kijana huja kwangu jioni kusoma vitabu, na kikohozi chake kimepungua.

Ndugu zangu, nimeandika habari ya Bena Riamba si kwa kuwacheka. Walikuwa watu wenye akili, waliochoka kuzika watoto wao, wakashika walichokiona karibu. Kosa lao si kwamba walitaka amani, bali kwamba walidhani moshi waweza kufanya kazi ambayo ni kazi ya watu: kupatanisha, kulipa fidia, kusema kweli, na kumhesabu jirani kuwa mtu. Kila mara walipofanya kazi hiyo wenyewe, amani ilikuwako. Walipoiachia riamba, haikuwako.

Na jambo moja limebaki. Kiko cha Kalamba hakizunguki tena katika duara, lakini ukienda leo Kananga, watu wakikutana njiani bado husalimiana, "Moyo!" Salamu ile haikuhitaji kuvutwa, wala haikuweza kukatazwa kwa amri, nayo imedumu mpaka leo. Basi tukimwona kijana nyuma ya nyumba, tusianze na fimbo. Tuanze na salamu, kisha tumwulize anakimbia nini.